Tauni ya Shume: Panya Anayekufa na Panya Asiyekufa

Ukurasa huu, ambao kwa kawaida huchapisha matangazo ya Serikali na maelezo ya kanuni zake, leo unawaletea watumishi na wananchi wote somo la afya. Somo lenyewe linahusu mahali palipo mbali na kisiwa chetu, nayo ni milima ya Usambara, Wilaya ya Lushoto, Mkoa wa Tanga, hasa eneo la Shume. Hata hivyo atakayelisoma hadi mwisho ataona kwa nini maafisa wa bandari, masheha, walimu wa skuli na wenye maghala wameombwa kulisoma kwa makini.

Shume iko juu, kwenye urefu unaozidi mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, upande wa magharibi wa milima hiyo, pale ardhi inapokatika ghafla na kuteremka kwenye mbuga kavu za Mkomazi. Ni nchi ya baridi na ukungu. Wakaazi wake, Wasambaa, Wambugu, Wapare na wengineo, hulima mahindi, maharage, viazi na kabichi, na mboga za wilaya hiyo huteremshwa kwa malori hadi Tanga na Dar es Salaam. Kandokando ya mashamba ipo misitu, ya asili na ya kupandwa. Mgeni atokaye pwani akifika huko husifu hewa yake kabla ya kusifu kitu kingine chochote. Katika nchi hiyo hiyo yenye hewa njema, mwaka 1980, kulizuka maradhi ambayo wengi waliyajua kwenye vitabu vya historia tu, nayo ni tauni.

Tokea mwaka huo hadi miaka ya mwanzo ya 2000 Wilaya ya Lushoto iliandikisha wagonjwa wa tauni zaidi ya 7,000, ambao ni sehemu kubwa kabisa ya wagonjwa wote wa tauni walioandikwa Tanzania nzima katika kipindi hicho. Katika kila wagonjwa mia, wanane hivi walifariki. Miripuko ilirudi takriban kila mwaka, ikianza mwishoni mwa mwaka na kuendelea katika miezi ya mwanzo ya mwaka uliofuata, na ilirudi katika vijiji vile vile, huku vijiji vingine vilivyo ng'ambo ya bonde, vyenye watu wa namna moja na kilimo cha namna moja, vikisalimika. Wanawake na watoto waliugua zaidi kuliko wanaume. Mambo hayo mawili, kurudi kwa maradhi mahali pale pale na kuchagua kwake watu, ndiyo yaliyowashughulisha wataalamu kwa zaidi ya miaka 20. Jawabu walilolipata, kwa kadiri lilivyopatikana, linaanzia kwenye mwili wa panya.

Kiroboto mwenye njaa

Kwa asili tauni ni maradhi ya wanyama wagugunaji, yaani panya wa kila aina, kindi na jamii zao. Binadamu huingia katika mzunguko wao kwa bahati mbaya. Kiini cha maradhi ni bakteria aliyegunduliwa na Alexandre Yersin mjini Hong Kong mwaka 1894. Miaka minne baadaye, huko Karachi, daktari wa Kifaransa Paul-Louis Simond alionyesha kwamba anayeyachukua maradhi kutoka panya hadi panya ni kiroboto. Wenzake wengi hawakumsadiki ila baada ya miaka kadhaa. Katika mwaka huo huo wa 1898 Robert Koch alithibitisha kuwa maradhi yaliyokuwa yakiua watu Kiziba, magharibi ya Ziwa Viktoria, katika Mkoa wa Kagera wa leo, yalikuwa ni tauni. Kwa hiyo tauni si mgeni wa juzi katika nchi hizi.

Kiroboto akinyonya damu ya panya mgonjwa humeza bakteria pamoja na damu. Bakteria hao huongezeka ndani yake, hushikamana, na hatimaye huziba njia ya chakula kama kizibo kinavyoziba chupa. Tokea hapo kiroboto hashibi tena. Huuma na kunyonya, damu hugonga kizibo na kurudi ilikotoka ikiwa imechukua bakteria. Naye kwa njaa huuma tena na tena, mnyama huyu na yule, mpaka afe. Kizibo hicho hujengeka vyema penye ubaridi, na joto likizidi nyuzi 28 hivi hakifungi sawasawa. Hiyo ni sababu mojawapo inayotajwa ya tauni ya Afrika ya Mashariki kupenda kukaa kwenye nchi za juu: Lushoto na Mbulu hapa Tanzania, West Nile nchini Uganda, na Ituri katika Kongo ya mashariki. Pwani haina kinga kwa sababu hiyo peke yake, kama itakavyoelezwa mbele.

Askari walionyang'anywa silaha

Mwili wa mnyama, kama wa binadamu, una walinzi wake. Miongoni mwa chembe nyeupe za damu wapo wale wanaommeza adui mzima mzima, na wapo wanaotengeneza kingamwili, yaani vitu vidogo mno vinavyomshika adui na kumtia alama ili atambuliwe na kumezwa. Walinzi wa kwanza huwa tayari wakati wote. Kingamwili huchukua siku kadhaa kutengenezwa, na katika tauni siku hizo ndizo zinazoamua kufa au kupona.

Bakteria wa tauni anapotoka kwenye kiroboto aliyepoa na kuingia katika mwili wenye joto la nyuzi 37, hubadilika. Huvaa koti linaloteleza, lisiloshikika kwa wepesi. Pia hutoa visindano vidogo mno, akavichoma kwenye chembe nyeupe na kuziingizia kemikali zinazozima uwezo wake wa kumeza na wa kuwaita wenziwe. Hivyo askari wanakuwepo lindoni, lakini silaha imenyang'anywa na tarumbeta haipigwi. Baadhi ya bakteria humezwa kabla hawajavaa koti, lakini hawafi. Hukaa ndani ya chembe iliyowameza, wakalivaa humo humo, na kusafirishwa kama abiria hadi kwenye tezi iliyo karibu. Tezi hiyo huvimba na kuuma kwa maumivu makali. Huo ndio mtoki wa tauni, ambao huonekana zaidi kwenye kinena, na mara nyingine kwapani au shingoni. Usipotibiwa, bakteria huingia kwenye damu. Wakifika kwenye mapafu, mgonjwa huweza kuwaambukiza wengine kwa kukohoa tu, bila ya kiroboto. Na tauni ya mapafu isipotibiwa haraka ni nadra mtu kupona.

Panya asiyekufa

Yaliyoelezwa hapo juu humpata panya pia, ila si kila panya kwa kadiri moja. Panya mweusi wa majumbani, yule apandaye darini, akiambukizwa mara nyingi hufa katika siku chache. Panya shamba wa nchi zetu, ambaye jike lake huweza kuwa na chuchu hadi 24, ana habari nyingine.

Habari hiyo ilianza kufahamika vizuri Afrika ya Kusini. Kwa miaka mingi wataalamu wa huko walidhani wana panya shamba wa aina moja. Katika miaka ya 1970 na 1980 ilibainika kuwa ni aina mbili zinazofanana kwa sura hata mtaalamu hawezi kuzitofautisha kwa macho. Hutofautishwa kwa kuhesabu vibeba urithi ndani ya chembe za mwili, ambavyo aina moja inavyo 36 na nyingine 32. Walipoambukizwa tauni katika maabara, wale wenye 36 walikufa kwa wingi na wale wenye 32 wengi walistahimili. Tena ikaonekana kwamba sehemu zilizopata tauni katika nchi ile zililingana na makaazi ya wale wenye 36. Panya shamba wa Tanzania, akiwemo wa Usambara, ni wa jamii yenye 32.

Ndugu msomaji anaweza kuona kuwa hiyo ni bahati njema ya Shume. Kwa mkulima mmoja, kwa siku moja, huenda ikawa hivyo. Kwa milima mizima na kwa miaka mingi ni kinyume chake. Maradhi yanayoua kila anayeyapata hujimaliza yenyewe, kwa kuwa hayaachi wa kuyabeba. Mfano uko Marekani ya magharibi, ambako tauni iliingia kwa bandari ya San Francisco mwaka 1900. Ilipowafikia wanyama wa jamii ya kindi wanaoishi mashimoni kwa makundi makubwa mbugani, ambao miili yao haikuwahi kuonana na bakteria huyo, koloni nzima ilikufa, zaidi ya tisa katika kila kumi, na mashimo yakabaki matupu. Shume hakuna anayeona maangamizi kama hayo mashambani. Panya huambukizwa, baadhi hufa, wengi hupona, na viroboto huhama kutoka kwa huyu hadi kwa yule.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wakiwemo Rhodes Makundi, Bukheti Kilonzo na Apia Massawe, walieleza mwaka 2003 namna panya wa aina mbali mbali wanavyokutana katika mashamba na misitu ya Usambara Magharibi. Panya wa msituni hafiki jikoni kwa mtu, na panya wa darini hana kazi msituni. Panya shamba hufika kote kuwili. Anakula mahindi ukingoni mwa msitu na, mavuno yakishaingizwa ndani, huyafuata hadi nyumbani. Huyo ndiye daraja, na daraja lisilokufa hubeba mizigo mingi.

Lipo na jambo la pili ambalo mwandishi wa somo hili anaona halitiliwi mkazo wa kutosha. Panya shamba wengi hawatimizi mwaka mmoja wa maisha. Jike huweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo mmoja, na mvua zikiwa njema idadi yao hupanda kupita kiasi. Maana yake ni kwamba kinga iliyopatikana kwa kuugua haikai katika kundi. Wazee waliopona hufa pamoja na kingamwili zao, na baada ya msimu mmoja au miwili shamba limejaa vijana ambao miili yao haijapata kumjua adui. Tauni inaweza kunyamaza miaka mingi milimani bila ya kuondoka. Baada ya mwaka 2004 Lushoto haikuona tena miripuko kama ile ya zamani, na hilo ni jambo la kushukuru; lakini Mbulu, katika Mkoa wa Manyara, ambako watu walikuwa wamekwisha kuisahau, ilipata tauni mwaka 2007.

Mbwa kama shahidi

Mtu atajuaje kuwa maradhi yapo ikiwa hakuna anayeugua? Hapa kingamwili zenyewe hutumika kama ushahidi. Mnyama aliyepona tauni hubaki na kingamwili za lile koti la bakteria katika damu yake kwa miezi kadhaa, na kipimo cha maabara huzionyesha. Kuwatega panya wa kutosha ni kazi ngumu na ya gharama. Mbwa hula panya wengi, huumwa na viroboto wao, na akiambukizwa aghalabu huugua kidogo tu na kupona. Kwa hiyo tone la damu ya mbwa mmoja wa kijijini hueleza habari za panya wengi. Kilonzo na wenzake walichapisha mwaka 1993 matokeo ya uchunguzi wa namna hiyo Lushoto, na mbwa wenye kingamwili za tauni walipatikana. Paka ni tofauti. Paka huugua sana na mara nyingi hufa, na kabla ya kufa huweza kumwambukiza anayemlea, hasa kwa kikohozi chake. Mwenye paka mgonjwa penye tauni asimpakate.

Kwa kuwa tumefika kwenye wanyama na kinga zao, na kwa kuwa sisi ni watu wa visiwa, inafaa kutaja kisa cha kisiwa cha Tasmania, Australia. Huko yuko mnyama wa porini aitwaye shetani wa Tasmania, na mwaka 1996 ilionekana kuwa baadhi yao wana uvimbe usoni. Ilidhaniwa kuwa ni virusi. Uchunguzi ulithibitisha kuwa ni saratani inayoambukiza, yaani chembe za saratani zilizotoka kwa mnyama mmoja aliyekwisha kufa zamani na ambazo huhamia kwa wengine wanapoumana. Bakteria wa tauni huwanyang'anya askari silaha. Chembe hizi huficha zile alama za juu ambazo kwazo mwili humtambua mgeni, zikapita lindoni kama wenyeji. Idadi ya wanyama hao imeshuka kwa kiasi cha nne ya tano, na mwaka 2014 ikagunduliwa saratani ya pili ya namna hiyo hiyo. Baadaye walipatikana wachache wenye kingamwili ambao uvimbe wao ulinywea wenyewe. Mbwa wa nchi nyingi duniani nao wana saratani yao inayoambukizwa kwa kupandana, ambayo haimpati binadamu na hutibika. Tunayataja hayo ili isidhaniwe kuwa bahari ni ukuta. Kundi lililofungiwa kisiwani na ambalo miili yake haijamzoea adui huweza kuangamia upesi kuliko kundi la bara.

Ndani ya nyumba

Tumrudie binadamu wa Shume. Kwa nini wanawake na watoto, na kwa nini vijiji vile vile? Uchunguzi uliofanywa na Kilonzo na wenziwe katika miaka ya 1990 ulitaja kulala chini, kuhifadhi nafaka ndani ya nyumba ya kuishi, na kuchelewa kwenda hospitali. Ni desturi ya milimani, tena yenye sababu nzuri, kuweka mahindi darini juu ya moto wa jikoni ili moshi uyakaushe na kufukuza wadudu. Panya hufuata mahindi, viroboto hufuata panya, na chini ya dari hiyo hulala wasio na kitanda, ambao aghalabu ni mama na watoto wadogo.

Mwaka 2007 ulichapishwa uchunguzi mwingine uliowashangaza wengi. Anne Laudisoit, akishirikiana na Herwig Leirs, Makundi na wengine, alikusanya viroboto wa majumbani katika vijiji 12 vya Usambara Magharibi. Vijiji 7 kati ya hivyo vilikuwa vimepata tauni mara nyingi, na 5 mara chache au havikupata kabisa. Kati ya kila viroboto 100 waliokamatwa, 72 walikuwa wa aina inayoitwa kiroboto wa binadamu. Idadi ya viroboto hao, na hao peke yao, ilikuwa kubwa zaidi katika vijiji vilivyozoea tauni. Uchunguzi huo haukuthibitisha kuwa kiroboto wa binadamu ndiye aliyeambukiza. Ulithibitisha kuwa wingi wake ni dalili ya hatari. Kwa afisa wa afya hilo ni jambo kubwa, kwani viroboto wa sakafuni huhesabika kwa wepesi kuliko panya wa msituni, na sakafu inayofagiwa na kupigwa dawa huwapunguza.

Kosa la kuanzia na sumu

Watu wakisikia tauni hukimbilia sumu ya panya. Inaeleweka, lakini ni kosa, na ni kosa la hatari. Panya akiwa hai ndiye chakula cha kiroboto. Akifa na mwili ukapoa, viroboto wake humwacha saa hiyo hiyo na kutafuta mwili mwingine wenye joto, na usiku, ndani ya nyumba, mwili huo ni wa mtu aliyelala. Mtu anayemwaga sumu penye tauni bila ya kwanza kuua viroboto anawaamuru viroboto wote wa dari washuke kitandani. Utaratibu unaokubaliwa ni kunyunyiza kwanza dawa ya unga ya kuua viroboto kwenye mashimo, mapito ya panya na sakafu, na kuwatega au kuwatilia panya sumu baada ya hapo. Kuchoma moto hakusaidii. Mwaka 1902 wakuu wa Nairobi waliichoma soko ya Wahindi kwa sababu ya tauni. Panya waliokuwa na miguu walihamia penginepo.

Kwa upande wa tiba habari ni njema. Bakteria wa tauni huuliwa na dawa zinazojulikana na zisizo ghali, kama vile streptomisini, jentamisini na doksisaiklini. Dalili huanza kwa kawaida baada ya siku moja hadi saba tangu kuumwa: homa ya ghafla, baridi, kichwa na mwili kuuma, kisha mtoki. Akitibiwa mapema mgonjwa wa mtoki hupona. Asipotibiwa, wagonjwa baina ya 30 na 60 katika kila mia hufa. Tofauti kati ya hesabu hiyo na wanane wa Lushoto ni kazi ya dawa na ya wauguzi waliozitoa kwa wakati. Wengi wa wauguzi waliokuwa wakiutambua mtoki wa tauni kwa kuugusa tu wamestaafu, na vijana waliochukua nafasi zao huenda hawajapata kumwona mgonjwa hata mmoja. Mtoki una sababu nyingi, na nyingi si za hatari. Muuguzi anayepokea mtu mwenye homa kali na mtoki unaouma amuulize alikotoka katika wiki moja iliyopita, na kama kulikuwa na panya waliokufa.

Bandarini

Tauni imesafiri duniani kwa vyombo vya baharini kuliko kwa njia nyingine yoyote. Madagaska iliipata mwaka 1898 katika bandari ya Toamasina, ikapanda nchi ya juu mwaka 1921, na mpaka leo haijaondoka huko. Mwaka 2017 ilipata mripuko uliozidi wagonjwa 2,000, wengi wao wakiwa na tauni ya mapafu, na waliofariki walizidi 200. Bandari ya Mahajanga, iliyo chini kabisa usawa wa bahari na yenye joto kama letu, ilikaa kiasi cha miaka 60 bila ya tauni, kisha ikarudiwa mwaka 1991. Na miongoni mwa wanyama waliokutwa na bakteria huko alikuwa kirukanjia, kile kijinyama chenye harufu kinachojulikana sana majumbani mwetu. Visiwa vya kwetu pia vina kumbukumbu ya zama za hofu hizo, kwani Changuu, mbele ya mji wa Unguja, ilikuwa mahali pa karantini ya wasafiri.

Ifahamike kuwa mboga zenyewe hazileti tauni, na hakuna sababu ya mtu yeyote kukataa kiazi cha Lushoto. Kinachoangaliwa ni panya aliye ndani ya shehena. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, zilizoanza kutumika Juni 2007, zinataka meli za safari za kimataifa ziwe na hati ya usafi inayoonyesha kuwa zimekaguliwa, na zinaiweka tauni ya mapafu miongoni mwa maradhi ambayo nchi haina budi kuyapima uzito wake mara yanapotokea. Majahazi ya safari fupi hayana hati hizo, na kwa hayo kinachotegemewa ni macho ya nahodha na ya afisa wa afya wa bandari. Bati la duara linalovishwa kwenye kamba za chombo kilichofunga gatini huzuia panya kupanda na kushuka. Liwe pana, na livishwe kwenye kila kamba. Magunia ya nafaka yapangwe juu ya mbao, mbali na ukuta, ili mtu aweze kupita nyuma yake na kuona.

Jambo la mwisho linawahusu wote. Mtu akikuta panya mmoja amekufa baada ya kutega au kutia sumu, hilo ni la kawaida. Akikuta panya kadhaa wamekufa katika nyumba, ghala au chombo bila ya mtu kuwategea, asiwaguse kwa mkono na asiwafagie. Awafahamishe Sheha wa shehia yake au afisa wa afya aliye karibu siku hiyo hiyo, na azuie watoto, paka na mbwa wasifike mahali hapo. Ikibidi kuwaondoa kabla afisa hajafika, anyunyize kwanza dawa ya kuua wadudu juu yao na pembeni mwao, asubiri, kisha awachukue kwa koleo na kuwatia ndani ya mfuko mzito wa plastiki uliofungwa vizuri. Mfuko huo usitupwe wala usizikwe, bali umngojee afisa wa afya, kwani maabara itauhitaji.